Uso wa Kupeleka Lubumbashi

Kolwezi, tarehe 3 Novemba 2024

Mpwa wangu Noëlla,

Nakusalimu wewe na wote unaokaa nao huko Sandoa, wagonjwa wako wakiwemo. Sisi hapa tupo. Mke wangu, mama Laurentine, anakusalimu sana. Bado anagombana na mafundi wa bati, maana mvua ya kwanza imetukuta na paa nusu. Mimi mwenyewe sijambo, isipokuwa vumbi la malori ya migodi, ambalo siku hizi linaniingia jicho moja tu, la kushoto.

Sasa habari yenyewe, na ukae kwanza. Mjomba wako ameitiwa filamu. Kuna mama mmoja wa Lubumbashi, Stéphanie Mbelu, anatengeneza filamu juu ya karani wa mgodi ambaye ofisi yake ilifungwa, naye anaendelea kwenda kazini kila asubuhi kwa miaka kumi. Aliniona mwaka juzi katika ukumbi wa parokia, katika mchezo wetu wa Pasaka, nikiwa Pilato. Ameniandikia kwamba jina langu liko kwenye orodha ya watu wanne, na kila mmoja apeleke picha tatu mpya kabla ya mwisho wa Februari: ya mbele, ya upande, na ya mwili mzima. Kisha atachagua mmoja. Nina miaka hamsini na minane, Noëlla, na thelathini kati ya hiyo nimeigiza mbele ya viti vya plastiki. Hili nalitaka. Nalitaka mpaka naona haya kuliandika.

Kwa hiyo natafuta mpiga picha. Unajua kwamba mtu aliyenipiga picha maisha yangu yote ni mmoja, dada yangu, mama yako Mado, Mungu ampumzishe. Katika miaka mitatu tangu atuache sijakaa mbele ya mashine ya mtu mwingine. Nimeanza kuzunguka mjini nikiwachunguza wapiga picha kupitia madirisha yao, na nakuambia kuna mengi ya kujifunza. Yupo mmoja ambaye hula mihogo huku akipiga. Yupo mwingine ambaye humshika mteja kidevu kama daktari wa meno.

Ombi moja dogo. Katika vitu vya mama yako imo picha yangu ile nimevaa koti la mistari. Mpe Dady, dereva wa lori aliyekuletea barua hii. Nataka tu kumwonyesha mpiga picha mfano.

Mjomba wako,
Barnabé


Sandoa, tarehe 24 Novemba 2024

Mjomba mpendwa,

Barua yako imefika ikinuka samaki wa chumvi wa Dady, lakini imefika. Hapa kwenye kituo chetu cha afya tunafanya kazi vizuri. Wiki hii tumezalisha sita, na mmoja wazazi wake wamemwita Jeudi, yaani Alhamisi, kwa kuwa alitoka siku hiyo. Nilipowauliza kama wamefikiri vya kutosha walisema ndiyo. Karanga zangu zimeota. Antena ya simu imekufa tena, mtandao unapatikana kilimani tu, na picha haipiti hata ukiinua simu juu ya kichwa.

Nimefurahi mpaka nimewasomea wenzangu sehemu ya filamu. Na nina maswali. Huyo mama anataka picha za nini, ikiwa alishakuona jukwaani? Anatafuta nini usoni kwa mtu ambacho hakukiona kwa Pilato? Na utamjuaje mpiga picha mzuri? Mama alikuwa anasema muombe akuonyeshe picha za watu wasiokuwa wazuri, kwa sababu wazuri kila mtu anaweza kuwapiga.

Jumamosi nilipanda kilimani nikakupigia mara tatu. Simu iliita, hukupokea. Nilipompigia mama Laurentine alisema uko bafuni. Mara zote tatu, mjomba?

Picha ya koti la mistari sijaiona. Vitu vya mama sijavipanga vizuri. Nitaangalia.

Noëlla


Kolwezi, tarehe 15 Desemba 2024

Mpwa wangu,

Amani ya Noeli itangulie kufika kwenu, maana Dady anasema barabara baada ya Mutshatsha imeanza kuharibika. Paa limekwisha. Linavuja mahali pengine sasa, na mama Laurentine anasema hayo ndiyo maendeleo.

Nimekaa kwa Mechack. Huyo ni kijana mwenye studio yenye hewa baridi, anayepiga picha za harusi na za wakubwa wa migodi wanapokuja kukata utepe. Ana taa nne na kompyuta pana kama dirisha. Hakuniuliza hata jina. Alipiga kama mara mia, akakaa kwenye kompyuta nusu saa, akanigeuzia kioo chake. Noëlla, nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Ngozi ya mtoto, macho sawa, pande mbili za mdomo zimelingana kama alizipima kwa rula. Nilitaka kumbusu. Nilipofika nyumbani mama Laurentine aliishika picha muda mrefu, akaniuliza huyo ni nani.

Ningeituma siku ileile. Kinachonizuia ni kwamba mama Stéphanie alituma ujumbe wa sauti kwa wote wanne, na nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyosali. Alisema: "Mi hapana natafuta foto ya muzuri. Nataka ule uso utafika nao huku Lubumbashi. Mutu akileta foto ingine na akafika na uso ingine, namurudisha na basi ileile."

Nilikwenda pia kwa Lukusa, karibu na kanisa. Hatukuelewana. Tuyaache.

Kuhusu simu, ni betri. Na picha ya koti la mistari nakuomba tena, itanisaidia sana.

Barnabé


Sandoa, tarehe 30 Desemba 2024

Mjomba,

Nakusalimu, na leo salamu zitakuwa fupi. Dady amefika jana. Kabla hajashusha hata gunia moja alinishika mkono akanipa pole. Nilimuuliza pole ya nini. Akasema: "Tata Barnabé alienda kupigisha foto ya matanga. Bibi ya Lukusa njo alisema ku kanisa. Tulifikiri we unajua."

Sikulala, mjomba. Lukusa namfahamu, ndiye aliyetukuzia picha ya mama, ile yenye mawingu nyuma. Kila anayefiwa Kolwezi anapita kwake.

Mimi ni muuguzi, basi nitakuuliza kama muuguzi. Jicho moja linaingiwa na vumbi. Hupokei simu, na wewe ni mtu ambaye ukipiga simu tunaweka chini sufuria. Umefurahi kwamba mdomo wako kwenye picha umelingana, jambo ambalo hakuna mtu anayelifurahia. Mdomo umepinda? Jicho halifungi? Je, mkono wa upande huo una nguvu, mguu unakokota? Ukikunja paji la uso mbele ya kioo, pande zote mbili zinakunjamana au moja? Jibu hilo la mwisho kabla ya mengine, na usiniandikie habari za paa.

Noëlla


Kolwezi, tarehe 26 Januari 2025

Mama Noëlla,

Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye lori lililozama matopeni. Nimeipata jana. Paji la uso linakunjamana upande mmoja tu, wa kulia. Mkono una nguvu, mguu haukokoti. Sifi. Hilo ulijue kwanza, na unisamehe ule usiku.

Ilikuwa katikati ya Oktoba. Niliamka, nikasukutua, maji yakatoka yenyewe upande wa kushoto mpaka kifuani. Nilidhani nina usingizi. Kwenye kioo nikaona nusu ya uso wangu na nusu ya mtu aliyechoka sana. Chai nainywa na kitambaa mkononi. Herufi zote zinazotaka midomo miwili zimenikimbia, na jina langu, kama unavyojua, linaanza na mojawapo na kuirudia katikati. Nawezaje kupokea simu? Nitasema mimi ni nani?

Hospitali sikwenda. Wiki mbili baadaye barua ya filamu ilifika, nikasema nikienda tu, mji mzima utajua, na wapo watakaosema nimelogwa na mwenzangu wa kikundi, na habari itafika Lubumbashi kabla yangu. Hilo ndilo lililokuwa linaniogopesha, si ugonjwa. Aibu yangu ni kubwa kukuandikia hivyo wewe unayewahudumia wagonjwa.

Kwa Lukusa ilikuwa hivi. Nilivaa suti nyeusi, nikajifunga skafu mpaka puani, nikamwambia nataka picha kubwa, ya heshima, haraka. Akaniuliza kama ni ya paspoti, nikasema hapana. Kama ni ya harusi ya mtoto, hapana. Akavua kofia. Akaniletea kitabu cha fremu, akasema polepole: "Tata, chagula mwenyewe, ni muzuri kuchagula ungali na nguvu. Balikuambia bado miezi ngapi?" Sasa mwambie mtu wa Kolwezi kwamba mzee mwenye suti nyeusi anayejilipia picha kubwa hafikirii ile itakayowekwa mbele ya jeneza. Niliondoka bila kujibu, na kutojibu kwangu ndiko kulikoharibu. Kesho yake mama watatu wa kwaya walikuja na unga. Mama Laurentine aliupokea, kwa sababu unga ni unga.

Sasa unajua kwa nini naomba picha ya koti la mistari. Si mfano. Nilitaka kuituma hiyo kwa mama Stéphanie, niandike nyuma tarehe ya mwaka huu. Hazijabaki hata wiki tano.

Barnabé


Sandoa, tarehe 11 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Nimelia kidogo, nimecheka kuhusu unga, sasa naandika. Kama paji nalo limelala, basi inaonekana ni mshipa wa uso uliopooza, si ubongo. Lakini nenda hospitali kesho, si keshokutwa, daktari akuone kwa macho yake; mimi naona kwa barua. Usiku funga jicho hilo kwa plasta ya karatasi, mchana vaa miwani. Wengi hupona, wengine polepole. Hakuna mwenzako aliyekuloga. Na mama Laurentine anajua kunyamaza vizuri kuliko nilivyodhani, mpe zawadi.

Picha yako ninayo. Nimekuwa nayo siku zote. Nilikudanganya, na nilidanganya kabla sijajua sababu yako, kwa hiyo si hekima ya uuguzi. Iko ukutani juu ya kitanda changu. Wewe ukiitazama unajiona ukiwa na koti la mistari. Mimi naangalia pembe ya chini kulia, pale mama alipoacha kidole chake mbele ya mashine kama alivyokuwa akifanya kila akiwa na haraka. Ni kidole chake tu, kimefifia. Sina kingine cha mwili wake. Mjomba, sitaituma.

Nakupenda, na sitaki pia wakurudishe na basi ileile. Utakaa mbele ya mtu gani? Umewachunguza mji mzima. Hakuna hata mmoja uliyetamani kurudi kumtazama?

Noëlla


Kolwezi, tarehe 25 Februari 2025

Mpwa wangu,

Nakusalimu. Daktari amesema kama ulivyosema, kwa bei kubwa zaidi. Nalala na plasta jichoni, na mama Laurentine anasema ni kama kulala na barua iliyofungwa. Picha ibaki hapo ilipo. Sikujua habari ya kidole, na mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Ni dada yangu na sikukiona.

Swali lako la mwisho lilinikuta nimeshapata jibu. Yupo mtu niliyerudi kumtazama mara nne bila kujua kwa nini. Anaitwa Merdi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, anayepiga picha za kadi za wachimbaji kwenye njia ya Mashamba. Ana shuka nyeupe juu ya kamba na kreti ya bia ya kukalia. Wanafika vijana wa Congo nzima, wengine na makovu, wengine jino halipo, wengine jicho limeharibiwa na jiwe, na mbele yake hakuna anayejificha. Nilitaka kujua anawafanyaje.

Anawauliza kitu kimoja tu: kwenu ni wapi. Kijana anasema Mwene-Ditu, au Kasenga, au Kananga. Yeye hapigi hapo. Anangoja kijana anyamaze, kisha anapiga. Nilisogea nikamuuliza kwa nini anachelewa. Akanijibu bila kugeuka: "Mutu akisema kwabo, anaenda kule kidogo. Mi napiga mbele arudie." Yaani kabla hajarudi.

Jumamosi nilisimama kwenye mstari na wachimbaji, nikaondoa skafu. Kijana aliyenitangulia aliniangalia uso, akaniangalia viatu, akarudi kwenye simu yake. Nilikaa kwenye kreti. Merdi akaniuliza, nikajibu Manono, kwa sauti ile ya ukumbini. Hakupiga. Akauliza tena, nikajibu tena, nikiweka kidevu vizuri, upande wa kulia mbele. Akateremsha mashine. "Tata," akasema, "uko nasemea bantu ba nyuma kabisa. Mi niko hapa karibu."

Mara ya tatu nilisema kwa sauti ndogo, na neno lilitoka limevunjika, na mate kidogo. Nikaiona nyumba ya baba yetu, na Mado akiwa na miaka saba akinikimbiza na ndoo. Sikusikia mashine.

Picha tatu nimezituma jana, siku nne kabla ya mwisho. Sikuandika maelezo yoyote. Nyingine hii ni yako. Bahasha yake niliifungua mara mbili kabla ya kumpa Dady, jambo ambalo sikulifanya kwa zile za Lubumbashi.

Barnabé


Sandoa, tarehe 23 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Hatujambo. Jeudi ameletwa kwa chanjo, amenenepa, na jina limeanza kumkaa.

Picha nimeipata. Niliitazama kwanza kama muuguzi, nikapima kope na pembe ya mdomo. Kisha nikaiweka mezani nikaenda kuosha vyombo, nikarudi kuitazama bila kupima. Nilikuwa nimejiandaa kukuhurumia na nimeshindwa. Mtu yule amekwenda mahali na hana haraka ya kurudi. Mwenzangu aliniuliza ni nani, nikasema ni mjomba wangu, anaigiza. Akasema hapo haigizi.

Lakini nina wasiwasi nawe, nitausema. Kama mama Stéphanie akichagua mwingine utasema ni uso. Huenda ikawa kweli. Umejiandaa kwa hilo? Na mimi nitakuwa nimekunyima picha ambayo ingekupa nafasi. Nalifikiria hilo kila nikilala chini yake.

Noëlla


Kolwezi, tarehe 4 Mei 2025

Mama Noëlla,

Nakusalimu wewe, karanga zako, na Jeudi. Mama Laurentine hajambo. Mvua imekwisha na paa limeacha kuvuja, kama inavyotarajiwa.

Amenichagua. Ujumbe ulifika wiki ya pili ya Aprili. Anasema alizitandika picha za watu wanne sakafuni, na kila aliyeingia chumbani alisimama mbele ya yangu na kuuliza ni nini kilimpata karani huyu. Upigaji unaanza tarehe 10 Juni. Nilisoma nikiwa nimesimama, halafu nikiwa nimekaa, halafu nikampa mama Laurentine asome kwa sauti.

Sasa sikia yaliyonipata. Siku tatu baadaye niliamka, nikasukutua, na maji yakakaa mdomoni. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Yakakaa. Wiki ile jicho likaanza kufunga. Leo nakunywa chai bila kitambaa na nalitaja jina langu lote. Daktari amefurahi. Mimi nilifurahi mpaka kama saa nne asubuhi, kisha nikakumbuka basi ileile.

Nilirudi kwa Merdi, nikakaa kwenye kreti, akanipiga upya, nikaituma picha Lubumbashi, na safari hii nikaandika maelezo: nilikuwa mgonjwa, napona, huu ndio uso nitakaofika nao. Jioni simu ikaita. Nikapokea. Alikuwa mama Stéphanie, akasema picha ameiona. Kisha akaniuliza: "Tata Barnabé, ile uso ingine, unaikumbuka? Unaweza kuifanya?"

Nikasema naweza. Nilisema haraka, kama mtu anayeogopa kuulizwa mara ya pili. Akasema basi nije.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nakaa mbele ya kioo. Miezi sita nilikuwa naufunika uso ule kwa skafu, nikauficha kwa mji mzima na kwako, nikawalaumu watu na kioo chenyewe. Sasa nautafuta. Najua jinsi shavu lilivyolala, najua chai ilikopita. Juzi nilikuwa nimeupata nusu, mama Laurentine akaingia, akaweka ndoo chini, akaniuliza kwa sauti ndogo kama unarudi. Nikamwambia hapana, mimi ndiye ninayeuita.

Nisikufiche tena kitu, Noëlla. Leo haukuja.

Barnabé